Uongo Njoo, Utamu Kolea: Mimi na Picha za Anodi

Kwenye droo ya meza yangu, chini ya mitihani ya kidato cha pili ambayo sijaisahihisha, kuna flashi ndogo nyekundu. Mke wangu anajua iko pale, binti yangu anajua, ila walimu wenzangu hawajui, na ningependa waendelee kutojua. Ina picha 14 za sinema, zote za kati ya mwaka 1982 na 1990, karibu zote za wanaume wenye vifua vilivyopakwa mafuta, wanaomaliza jeshi zima wakiwa peke yao. Hakuna hata moja ninayoweza kuitetea kwenye chumba cha walimu. Mimi nafundisha Historia. Mwanafunzi akiniandikia kwamba mtu mmoja alishinda vita peke yake, namkata maksi. Halafu usiku, nyumba ikishalala, navaa visikilizio na kumwangalia Anodi, yaani Arnold Schwarzenegger.

Ugonjwa huu niliupatia Morogoro, mtaa wa Mji Mpya, mwaka 1988, nikiwa na miaka 11. Matangazo ya televisheni huku Bara hayakuwepo. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, sisi tulisubiri mpaka 1994. Lakini deki za video zilikuwa zimeshaingia. Serikali ilianza kulegeza kamba ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, Mzee Mwinyi akaja na ruksa yake, na kwenye masanduku ya waliotoka Dubai na Unguja, katikati ya sabuni na vitenge, mlikuwa na mikanda ya video.

Kibanda chetu cha video kilikuwa ua wa nyumba uliozungushiwa magunia ya katani, juu turubai. Televisheni moja, deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na mabenchi manane ya mbao ambayo misumari yake tuliijua mmoja mmoja. Kiingilio shilingi 10. Nje kulikuwa na ubao wa chaki: LEO KOMANDO, PICHA KALI, STERINGI ANODI. Mkanda ukileta chenga, mwenye kibanda anafungua kifuniko cha deki, anasugua hedi kwa karatasi laini iliyochovywa spiriti, na sisi tunakaa kimya kama ndugu wanaongoja mgonjwa azinduke. Chenga zikiisha, makofi.

Mimi sikuwa nalipa. Mlangoni alikaa baba yangu mdogo na fimbo ya mpingo. Usiku alikuwa mlinzi wa ghala, jioni akilinda mlango wa kibanda, na malipo yake ya jioni yalikuwa chai, mkate na ruhusa ya kumwingiza mtoto mmoja bure. Alikuwa mwanajeshi. Alikwenda Uganda kumng'oa Idi Amin, akaanzia Mutukula na kufika Kampala iliyotekwa Aprili 1979, sehemu kubwa ya njia kwa miguu yake mwenyewe. Vita hakuwahi kuisimulia. Ukimwuliza ilikuwaje, anakujibu habari za miguu: soksi zilizogandia kwenye ngozi, malengelenge, tope la njia ya Masaka, jamaa mmoja aliyelala na viatu vyake mikononi kama mtoto mchanga ili visiibwe. Hapo anaishia, anaomba kiberiti.

Sasa niieleze Komando, kwa wale waliozaliwa juzi. Ilitoka mwaka 1985, steringi Arnold Schwarzenegger, jina lake kwenye picha John Matrix, kanali mstaafu anayeishi mlimani na bintiye. Tunapoonyeshwa mara ya kwanza anateremka amebeba gogo zima la mti begani, kama wewe unavyobeba mwavuli. Maadui wanamteka binti ili baba alazimike kwenda nchi ya Val Verde (usiitafute kwenye ramani, haipo) akamuue rais wa huko. Wanampandisha ndege. Anamvunja shingo mlinzi wake pale pale kwenye kiti, anamfunika kofia usoni, anamwomba mhudumu asimsumbue rafiki yake kwani amechoka sana. Kisha anashukia kwenye tairi za ndege wakati ndege inapaa, anajiachia, anaangukia kwenye majimaji, anasimama, anatega saa yake. Safari ya ndege ni saa 11. Maadui hawatajua kitu mpaka itue. Ana muda huo tu kumpata mtoto.

Hapo kibanda kizima kilikuwa kimeshasimama. Na picha ndiyo kwanza inaanza. Kuna pahala amemning'iniza adui mmoja kwenye genge kwa mkono mmoja, anamkumbusha kwamba alimwahidi atamuua mwisho, kisha anamwambia alimdanganya, anamwachia. Kuna pahala amejibanza kwenye banda la vifaa vya bustani, akawageuzia maadui mashoka na visu vya msumeno wa duara, vinaruka kama sahani. Kuna yule dada anayesaidiana naye, anapewa kombora la mabomba manne akiokoe kichwa cha steringi, analishika kinyume, linalipua nyuma yake. Watu tulikuwa tunalia kwa kicheko, tunapigana mgongoni. Tafsiri hakuna, Kiingereza chetu cha darasa la tano, na bado hakuna aliyepotea njia.

Mwishoni Anodi anavamia kisiwa peke yake. Amesimama uwanjani, mchana kweupe, hana hata mti wa kujifichia, na askari wanatoka pande zote wakimiminia risasi. Hakuna inayompata. Yeye akizungusha bunduki mara moja wanaanguka kumi. Niliwahi kuwahesabu nikiwa mtu mzima, na kalamu mkononi kama ninayesimamia kura. Nilipovuka 50 nikaona aibu nikaacha.

Siku ile ya kwanza nilisikia sauti mlangoni ambayo sikuijua. Nikageuka. Baba mdogo alikuwa anacheka. Alianza kwa pua, kisha mabega, kisha fimbo ikamdondoka. "Jamani," akasema akijifuta macho kwa kiganja, "hawa walifundishwa kulenga na nani?" Na tulipokuwa tunarudi nyumbani akaendelea mwenyewe bila kuulizwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akanieleza kwamba bunduki kama ile ya Rambo, steringi mwingine wa picha za vita, yaani M60, ina uzito wa kilo 10 na zaidi bila risasi, na inatema zaidi ya risasi 500 kwa dakika. Kwa hiyo mkanda wa risasi 100 unaisha kabla hujamaliza kupiga chafya mbili. "Anazitoa wapi?" akaniuliza. "Kaptula ile haina hata mifuko." Akacheka tena mpaka akasimama.

Tangu siku hiyo kila ikija picha ya vita nilikaa benchi la mwisho, nusu nimwangalie Anodi, nusu nimwangalie yeye.

Wa tatu kwenye kumbukumbu hii ni kijana wa Mazimbu. Waliokulia Morogoro wanajua: chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilipewa eneo pale Mazimbu, kikajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Wakimbizi wa Afrika Kusini walikaa pale mpaka mwaka 1992, majengo yakakabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengine wakitoka jioni walikuja mjini, na mmoja wao alikuwa mteja wa kibanda. Tulimwita Komredi, akaitika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kiingereza alikijua kikamilifu, basi tukampa benchi la mbele awe mkalimani. Wanenaji hodari wa kutafsiri picha, kina Lufufu, waliomfanya Anodi azungumze kama mtu wa Manzese, sisi tulikuja kuwafaidi miaka ya baadaye. Wakati ule tulikuwa na Komredi. "Yeye anasema, wewe nakufa sasa." Ilitosha.

Rambo ya pili tuliiona kabla ya ile ya kwanza. Mikanda ilifika ilivyotaka yenyewe. Ya pili ni ya mwaka 1985, Rambo anarudi Vietnam na upinde wenye mishale inayolipuka, anavunja helikopta, anashinda peke yake vita ambayo nchi yake iliishindwa ikiwa na jeshi zima. Picha hii ilitupiga sana. Mifuko ya plastiki tuliiita rambo, na nchi nzima ikaendelea kuiita rambo hadi ilipopigwa marufuku Juni 2019. Huyo ndiye Rambo pekee niliyewahi kuona akishindwa na serikali.

Kwa hiyo ule mkanda wa mwaka 1982 ulipofika, kibanda kilijaa hadi juu ya ukuta. Tukasubiri vifo. Havikuja. Askari wa kimji kidogo cha Marekani wanamnyanyasa mwanajeshi aliyerudi vitani, anakimbilia msituni, wanamfukuza. Anayekufa ni mmoja tu, tena anaanguka mwenyewe kutoka kwenye helikopta alipokuwa akimtungua. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mtu akadai shilingi yake 10.

Mwisho wa picha, Rambo amekaa chini sakafuni anamlilia mkubwa wake wa jeshi. Mwanaume mwenye kifua kile, analia kwa kamasi. Sisi watoto tulicheka, tulidhani ni utani. Kutoka mlangoni Baba mdogo akauliza, "Anasema nini huyo?" Komredi akasikiliza, akatafsiri kidogo kidogo. Anasema, alikuwa na rafiki. Wako baa, huko Saigon. Mtoto akaja na sanduku la kung'arisha viatu. Rafiki akakubali. Sanduku lina bomu.

"Toa hiyo," Baba mdogo akasema.

Mwenye kibanda akageuka. "Mzee, zimebaki dakika tano tu iishe."

"Nimesema toa. Hiyo picha mbaya. Weka ya Anodi."

Na ikawekwa ya Anodi. Sijui kama ni kwa heshima au kwa ile fimbo. Gogo likateremka mlimani begani mwa mtu, watu wakashangilia, Baba mdogo akarudi kukaa kwenye kigoda chake, ila usiku huo hakucheka. Nyumbani alivua viatu akakaa navyo kibarazani, mikononi, muda mrefu. Mwisho wa ile picha niliuona nikiwa na miaka 30.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara mbili tatu, na kila mara msikilizaji ananiambia: unaona, basi ile ya kwanza ndiyo picha ya maana, hizo nyingine takataka. Nakubali kwa asilimia mia na bado nasema hajaelewa. Mtu aliyeijua vita kuliko sisi wote pale ndani ndiye aliyeomba takataka. Aliomba akijua ni takataka. Yeye ndiye aliyehesabu risasi.

Bibi yangu upande wa mama, kabla hajatuhadithia Sungura na Fisi, alitutaka kwanza tuitike. Hadithi, hadithi! Nasi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Angalia vizuri maneno hayo. Uongo hauingii kwa mlango wa nyuma, unaitwa kwa jina, unakaribishwa mkeka. Hakuna mtoto aliyewahi kumshika Bibi kanzu akimwambia sungura hasemi. Picha za Anodi ni za ukoo huo. Misuli ile inakuitikisha tangu dakika ya kwanza: uongo njoo. Picha nyingi za vita za siku hizi zimeacha kuita. Zina damu inayofanana na damu, kamera inatikisika kama vile mpiga picha naye anakimbizwa, na uongo ni ule ule, steringi hauawi, ila sasa anakunja uso ili umwamini. Hizo zinanichosha.

Ningeishia hapo ningekuwa na raha tupu, si raha ya kuibia. Lakini kuna picha moja kwenye ile flashi.

Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Cannon, ya binamu wawili Waisraeli, Menahem Golan na Yoram Globus, walioinunua mwaka 1979. Hawa walikuwa wanatoa picha kama mama anavyotoa maandazi. Chuck Norris alikuwa wao, na ninja wa Kimarekani, yule wa picha za American Ninja, alikuwa wao. Huyo ninja, Michael Dudikoff, tulimpenda kiasi, lakini aliyetoa watu kwenye mabenchi ni rafiki yake mweusi, Steve James. Tulizoea mweusi kwenye picha za Kizungu anakufa mapema ili steringi apate hasira. Huyu hakufa. Alipiga watu, akatabasamu, akarudi kwenye ya pili na ya tatu. Komredi alikuwa akisimama wima kila akitokea, anarusha ngumi hewani, anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Nilipokuja kusoma kwamba Steve James alifariki mwaka 1993, na umri wake miaka 41 tu, nilihuzunika kama niliyefiwa na mtu wa mtaani.

Ya pili, ya mwaka 1987, inasema inatokea kwenye kisiwa cha Karibiani. Bahari, mchanga, minazi. Miaka mingi baadaye, nikitafuta habari zake kwa upenzi tu, nikasoma kwamba ilipigwa Afrika Kusini. Nikasoma tena. Serikali ya Makaburu ilikuwa inatoa nafuu ya kodi kwa watengenezaji wa filamu, na kampuni zilikwenda, wakati Umoja wa Mataifa ulishawaomba wasanii tangu 1980 waisusie nchi ile. Kwa hiyo Komredi alitoroka kwao, akaacha mama, akavuka mipaka kwa njia asizozitaja, akafika Morogoro, akakaa benchi la mbele, akalipa shilingi 10, akaangalia pwani ya kwao kwa saa moja na nusu akishangilia. Bila kujua. Na hakuna kati yetu aliyejua.

Huo ni uongo wa aina nyingine. Haukuitwa. Haukugonga hodi. Sisi tulikuwa nchi iliyo mstari wa mbele, shuleni tukiimba kuhusu kususia, na ukumbini tukachangia.

Sikuifuta. Niseme ukweli, nilifikiria kuifuta nikaona nitakuwa najionyesha mbele ya nafsi yangu tu. Nimeiangalia mara moja tangu nijue, na nilijikuta namtafuta Steve James kama zamani, huku jicho jingine likitafuta watu wanaopita nyuma, wale wa kujazia. Wale walikuwa nani? Jioni waliruhusiwa kulala wapi? Hakuna utamu hapo.

Rambo ya tatu nimewahi hata kuipeleka darasani, dakika 15 tu, kwenye mada ya Vita Baridi. Yuko Afghanistan anawasaidia mujahidina dhidi ya Wasovieti. Ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1988, siku 10 baada ya Wasovieti kuanza kuondoka wenyewe. Wanafunzi walicheka sana. Sijawahi kupata kipindi chenye mikono mingi hewani kama kile, na mkuu wa shule alipopita dirishani nilijifanya natafuta rimoti.

Binti yangu ana miaka 14. Alinikuta usiku mmoja nimeinamia kompyuta, akavuta kiti bila kuomba. Ilikuwa Komando, sehemu ya lile gari la njano la michezo. Limebondeka upande mzima, limelala ubavu, Anodi analisukuma kwa mikono linasimama kwa tairi zake, anaondoka nalo. "Baba," akasema, "mbona limepona?" Nimeiangalia picha hiyo kuanzia darasa la tano sijawahi kuona. Tukarudisha nyuma. Kweli, linaondoka jipya, halina hata mkwaruzo. Tulicheka hadi mama yake akaamka akauliza, "Baba Asha, saa hizi?"

Desemba iliyopita nilikwenda Kilosa kumsalimia Baba mdogo. Amevuka 70, macho yameingia ukungu, anatambua mtu kwa sauti. "Shikamoo, Baba mdogo." "Marahaba mwanangu, umeniletea nini?" Nilimletea sukari, kitenge cha mama mdogo, na kompyuta. Nilidhani atakataa. Akauliza kama yumo Anodi.

Tukakaa kibarazani, kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Akasogeza sikio badala ya uso. Kwa kuwa haoni, ikabidi mimi ninene. Nilianza kwa adabu, nikisema kinachoonekana: sasa anateremka, amebeba gogo. "Kubwa kiasi gani?" Nikatazama gogo, nikamtazama yeye. Nikasema ni mvule, umri wa miaka mia, na juu yake kuna nyani wawili hawajui kinachoendelea.

Akaguna. "Endelea."

Tulipofika kisiwani jua lilikuwa limezama, watoto wa jirani wamejaa hadi kwenye ngazi, na mimi sauti imekauka. Maadui wanatoka kwenye bustani, wanatoka kwenye maghala, nawahesabia. Baba mdogo amefumba macho, mkono wake unapiga goti taratibu.

"Risasi hazijaisha tu?"

"Bado, Baba mdogo."

"Na kaptula haina mifuko," akasema, na mabega yakaanza kutikisika.